Mkono wa Birika: Historia Ndefu ya Kumpandishia Dau Mtu Bahili

Katika soko la mifugo la Isiolo bei haisemwi, inabanwa. Mnunuzi na dalali husimama bega kwa bega kama abiria wanaongojea matatu, mmoja akavuta shuka yake na kuifunika mikono yao, na chini ya kitambaa vidole vikaanza mazungumzo. Kidole kimoja kikishikwa ni tarakimu, vidole viwili vikishikwa pamoja ni tarakimu nyingine. Kama ni mamia au maelfu, wote wawili wanajua kwa kumtazama mnyama. Nyuso hazisemi kitu. Ni utaratibu wa madalali wa Kisomali, uliozoeleka kutoka Hargeisa hadi Garissa, na wachuuzi wa lulu wa Ghuba waliutumia vilevile enzi lulu zilipokuwa na bei. Faida yake ni kwamba anayengoja zamu hajui aliyemtangulia ametoa ngapi.

Nikiwa mtoto nilikuwa nikimfuata mjomba sokoni, na mtu niliyependa kumtazama hakuwa yule dalali mwenye maneno mengi. Alikuwa mnunuzi mmoja mkavu, mkono wa birika hasa, ambaye angeweza kuja siku tatu za soko mfululizo, akapapasa mbavu za mafahali ishirini, kisha akarudi kwake na fimbo yake tu. Siku akiingiza mkono chini ya shuka, wanunuzi wengine walisogea pembeni. Niliuliza kwa nini. "Huyu akitoa mkono," mjomba akasema, "wewe rudisha wako."

Nilidhani ni adabu ya wazee. Ilinichukua miaka mingi na magunia ya maharage kuelewa kwamba ilikuwa hesabu. Nasema maharage kwa sababu ndiyo tuliyochezea karata, si pesa, nitaeleza baadaye.

Karata zenyewe hazikuwa mbali na soko. Kwenye kivuli cha lori, juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, vijana walikuwa wakicheza poka, na bado wanacheza. Msomaji wa Kenya anaijua poka hiyo: mbili inamlisha mwenzako karata mbili, tatu inamlisha tatu, joka inamlisha tano, jeki inamruka, kingi inarudisha mchezo ulikotoka, kwini na nane zinauliza swali, na anayekaribia kumaliza asiposema "niko kadi" ushindi wake haukubaliwi. Ni mchezo mzuri, wenye kelele. Ila jina lake limeazimwa. Poka iliyolipa jina hilo duniani ni mchezo wa dau, na swali gumu kuliko yote ndani yake huulizwa mwanzoni kabisa, kabla karata yoyote haijafunuliwa mezani: mtu bahili, ambaye hajagusa dau lake kwa nusu saa, ghafla amepandisha. Wewe una karata mbili nzuri. Utamfuata, utamwachia, au utapandisha juu yake?

Kulijibu vizuri swali hilo kulichukua karne nyingi, na njia ya jibu ilipita karibu na kwetu kuliko watu wanavyodhani.

Ilianza na ngamia. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na mchezo ulioitwa maysir. Ngamia alichinjwa, nyama ikagawanywa mafungu, na mishale kumi ikatikiswa ndani ya mfuko. Mishale saba ilikuwa na hisa: wa kwanza moja, wa pili mbili, hivyo hivyo hadi wa saba wenye hisa saba, jumla 28. Mitatu iliyobaki ilikuwa mitupu. Walioshinda walipata nyama, na ilikuwa fahari kuwagawia maskini. Walioshindwa walilipa bei ya ngamia. Qurani ilipoharamisha ulevi na kamari, neno la kamari lililotumika ni hilo hilo, maysir. Katika mji kama Isiolo, ambako adhana ndiyo saa ya wengi na ngamia bado ni benki ya familia, hukumu hiyo haihitaji mkalimani. Ndiyo maana ya maharage yetu.

Lakini tazama maysir kama mchezo. Mshale ukishaingia mfukoni hakuna tena la kuamua. Huwezi kumtisha mwenzako, huwezi kujitoa katikati, huwezi kusoma uso wa mtu ukajua ana mshale gani. Bahati ipo, siri haipo.

Siri ililetwa na karata. Zilianza China, zikasafiri kuelekea magharibi, na kufikia karne ya 15 zilikuwa zimechorwa kwa dhahabu katika Misri ya Wamamluki. Mwaka 1931 L. A. Mayer aliikuta seti moja ya namna hiyo katika kasri la Topkapi, Istanbul. Ilikuwa ya karata 52 katika aina nne: vikombe, sarafu, panga, na fimbo za polo. Hapakuwa na sura za watu. Karata za heshima zilikuwa mfalme, naibu wa mfalme, na naibu wa pili, zimeandikwa majina tu. Ulaya ilipoupokea mchezo huo ilichukua na jina: mwaka 1377 mji wa Florence ulipiga marufuku mchezo uitwao naibbe, na Wahispania hadi leo huziita karata naipes. Hao ni manaibu wetu wale wale, ndugu wa naibu gavana na naibu chifu.

Kisha Mreno akazirudisha karata upande huu wa Bahari ya Hindi. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Mwaka 1698 ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani. Katika miaka hiyo mia mbili Mreno hakuacha maneno mengi pwani, lakini aliacha leso, meza, gereza na karata. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu, yaani zile sarafu za Misri. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, marungu, ambayo zamani yalikuwa fimbo za polo. Turufu ni trunfo. Mzee wa Lamu anapopiga shupaza barazani, anatupa upanga wa Kimamluki uliozunguka Lisbon ndipo ukafika Shela.

Kuna kitendawili kidogo hapa ninachokipenda. Katika Kiswahili cha karata kuna mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne, na mtu hujiuliza mzungu wa kwanza alikwenda wapi. Jibu limo katika bisca, mchezo wa Wareno: ree, yaani A, ina pointi 11, saba ina 10, mfalme 4, jeki 3, malkia 2. Namba za wazungu wetu si foleni, ni pointi zao. Jumlisha aina moja utapata 30, aina nne 120, na anayetaka kushinda anahitaji nusu na moja zaidi: 61. Ndiyo wahedusitini ya barazani, moja na sitini kwa Kiarabu. Mchezo umebeba hesabu yake katika jina, na wazee waliokuwa wakiucheza walikuwa wakihesabu karata zilizopita bila kuandika, ili wajue zilizobaki mikononi mwa wenzao. Huko kukisia mkono usioonekana kwa kutumia mikono iliyokwisha kuonekana ndiko tunakokwenda.

Mreno alipokuwa akiziacha karata pwani, Isiolo haikuwapo bado. Mji huu ni mchanga, na ulizaliwa kambini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakalisha hapa maaskari wa Kisomali waliowatumikia, na hadi leo Isiolo ina chuo cha askari wa miguu. Kaskazini yote ilikuwa imefungwa kwa sheria ya wilaya za mbali ya 1902, ikakazwa tena mwaka 1934. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mifugo nayo ilifungwa. Ng'ombe wa kaskazini walizuiwa katika karantini ya Isiolo kabla ya kuruhusiwa kushuka kusini, kwa hofu ya homa ya mapafu na, tuseme ukweli, kwa hofu ya walowezi kushindwa bei.

Nayataja haya kwa sababu karantini ilifundisha somo ambalo poka ingelifundisha baadaye kwa njia yake. Mnunuzi wa kusini aliweza kungoja. Mfugaji hakuweza: ng'ombe walikuwa wanakonda, maji ni ya foleni, na wana nyumbani wanangoja unga. Anayengoja bure huchagua mnyama bora na bei anayoitaka. Ubahili hauna gharama kwa mtu wa namna hiyo. Poka ilikuja kuziba tundu hilo kwa hila rahisi: ilifanya kungoja kuwe na bei.

Asili ya poka ina wagombea wengi. Wako wanaoitaja as-nas ya Uajemi, Wajerumani wana Pochen, neno linalohusu kugonga meza kwa majigambo, na Wafaransa walikuwa na poque. Mimi nawaunga mkono wa poque, kwa sababu mchezo unaibuka mwanzoni mwa karne ya 19 katika New Orleans, mji uliokuwa wa Wafaransa, kisha unapanda mto Mississippi kwa meli za mvuke. Mwanzoni zilitumika karata 20 tu kwa watu wanne. Mwaka 1843 Jonathan Green, mcheza kamari aliyetubu, aliandika kitabu kufichua hila za wenzake wa majini, na huko poka inaonekana kuwa ndugu wa pata potea ya stendi zetu: asiyejua anaibiwa na anayejua. Kufikia wakati huo seti kamili ya 52 ilikuwa imeshika mahali pa zile 20.

Umbo tunalolizungumzia, Texas Hold'em, ni la karne ya 20. Mji mdogo wa Robstown huko Texas hudai ndiko ulikozaliwa mchezo huo, na mwaka 2007 bunge la jimbo hilo lililikubali dai hilo kwa azimio. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baadaye hufunuliwa tano mezani, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja, na hizo ni za wote. Kabla ya yote wachezaji wawili hulazimika kuweka dau kabla ya kuona chochote, tuseme harage moja na maharage mawili, na zamu hiyo huzunguka meza. Hiyo ndiyo bei ya kungoja. Mkono wa birika asiyecheza kabisa ataliwa polepole na dau la lazima, kama fahali anayekondea karantini.

Mwaka 1970 mashindano ya dunia yalianza katika nyumba ya kamari ya Binion huko Las Vegas. Doyle Brunson, Mteksasi, alishinda 1976 na 1977 mfululizo, kisha akatoa kitabu kinene ambacho wenzake walimlaumu kwa kufichua siri za kazi. Dawa yake ilikuwa kushambulia: pandisha, pandisha tena, mfanye mwenzako aogope. David Sklansky, mtu wa hesabu, alileta wazo lililotulia zaidi. Alisema karata za kumfuata mtu aliyepandisha lazima ziwe bora kuliko zile ambazo wewe mwenyewe ungepandishia, kwa maana yeye amekwisha kutangaza nguvu na wewe hukuwa umetangaza. Na kadiri aliyetangaza alivyo bahili, ndivyo pengo hilo linavyopanuka. Mjomba wangu hakumsoma Sklansky, lakini ndicho alichokisema sokoni.

Wanahisabati walikuwa wamefika kabla yao wote. Émile Borel aliandika juu ya michezo ya namna hii Ufaransa kuanzia 1921. Mwaka 1928 John von Neumann alithibitisha nadharia yake kuu, na mwaka 1944, pamoja na Oskar Morgenstern, akatoa kitabu chenye sehemu nzima juu ya poka iliyorahisishwa. Humo mna jambo linalowashangaza watu hata leo. Mchezaji bora, katika mfano wake, huweka dau kubwa kwa mikono bora kabisa na kwa baadhi ya mikono mibovu kabisa. Mikono ya katikati hunyamaza. Sababu ni kwamba geresha, yaani kuweka dau bila karata za kulitetea, yafaa uifanye kwa mkono usio na thamani nyingine; mkono wa wastani una thamani yake, uuache uongee mwishoni. Juu na chini, katikati kimya. Wachezaji wa leo wanapopandisha juu ya aliyepandisha, wengi hufuata mfano huo bila kujua ni wa nani.

Sasa tuukalie mkono wa birika wenyewe, kwa maharage.

Katika karata 52 kuna mikono ya karata mbili 1,326. Jozi yoyote, tuseme ree mbili, hupatikana kwa njia 6. Karata mbili tofauti, kama ree na kingi, kwa njia 16. Bahili wetu hapandishi ovyo. Tuseme hupandisha tu akiwa na jozi ya tisa au zaidi, au ree pamoja na kingi, au ree pamoja na kwini. Jozi sita mara 6 ni 36. Ongeza 16 na 16, unapata 68. Hiyo ni kama mikono 5 katika kila 100. Fungu lake lote la mikono linaingia kiganjani.

Dau la lazima ni 1 na 2. Yeye amepandisha hadi 6. Mezani kuna 9. Wewe ukipandisha hadi 18, unahatarisha 18 ili upate 9. Ili geresha tupu ijilipe, lazima akimbie, yaani aachie karata zake, mara mbili katika kila tatu. Je, atakimbia? Hapo ndipo wachezaji wengi hukosea, kwa sababu huangalia jambo moja tu, kwamba bahili huingia mara chache. Hawaangalii akisukumwa hufanya nini.

Chukua bahili wa aina ya kwanza. Akipandishiwa hubaki na jozi ya kwini, kingi au ree, ambazo ni 18, pamoja na ree na kingi, 16. Jumla 34. Nusu kamili ya zile 68. Anakimbia nusu tu, na wewe ulihitaji theluthi mbili. Ukimfanyia geresha mara mia, na ukashindwa kila anapobaki, umetupa maharage 450. Wengine watakuambia umfanyie geresha ukiwa na ree moja mkononi, kwa sababu unamzibia njia. Kweli, ree yako inapunguza jozi zake za ree kutoka 6 hadi 3, na ree na kingi kutoka 16 hadi 12. Mikono ya kubaki inashuka kutoka 34 hadi 27. Lakini inapunguza pia ree na kwini, mikono ambayo angeikimbia, kutoka 16 hadi 12. Fungu lote linabaki 57, naye anabaki kwa 27 kati ya hizo. Bado hajafika hata mahali pa kukimbia mara 53 katika mia. Ujanja huo una faida ndogo kuliko sifa zake.

Mkono mzuri nao una mtego. Tuseme una jozi ya jeki. Kati ya mikono 63 anayoweza kuwa nayo (jeki zako mbili zimepunguza zake), ni 18 tu iliyo mbele yako: kwini, kingi na ree. Uko vizuri. Lakini ukipandisha juu yake, jozi za tisa na kumi zinakimbia, ree na kwini zinakimbia, na unabaki na zile 18 zinazokupiga pamoja na ree na kingi 16 zinazokupa nafasi ya karibu nusu kwa nusu. Umewafukuza maskini ukabaki na matajiri, kisha unashangaa umelipa karo ya nani. Jozi ya kwini nayo haina raha: atakapobaki, mikono 12 iko mbele yako. Ni jozi ya kingi na jozi ya ree tu zinazopandisha juu ya mtu huyu bila kusitasita. Ukishika kingi mbili, mikono 21 itabaki, na ni 6 tu, zile ree, zilizo mbele. Basi kwa bahili wa aina ya kwanza fungu la kupandisha ni jembamba kama uzi, na sehemu ya chini ya von Neumann, ile ya geresha, inafutwa yote. Nadharia yake ilimdhania mpinzani anayejua kukimbia kwa kipimo. Huyu hakimbii vya kutosha.

Bahili wa aina ya pili anafanana na wa kwanza mlangoni. Hupandisha mikono 68 ile ile. Lakini akipandishiwa, moyo unamruka: anabaki na jozi ya kingi na ree tu, mikono 12. Anakimbia mara 82 katika mia. Dau lile lile la 18 sasa linakuletea, kwa mara mia, faida ya maharage zaidi ya 400, hata ukiwa na mbili na saba. Kwa mtu huyu fungu lako la kupandisha linafunguka kama lango la zizi.

Watu wawili, mlango mmoja, majibu yanayopingana kabisa. Sijui kwa nini walimu wengi wa mchezo huu huwaweka katika kapu moja wakawaita wagumu, wakashauri uwaachie. Na kuwatofautisha ni kazi ya subira. Katika mikono mia bahili hupandisha kama mara tano, na katika hizo huenda ukapata nafasi ya kumpandishia mara moja au usipate. Mtu anayedai amemjua mpinzani kwa jioni moja anajidanganya.

Turudi kwenye historia: miaka iliyofuata ile ya Brunson na Sklansky ilikuwa ya mashine. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, alishinda mashindano ya dunia dhidi ya washiriki zaidi ya 800 baada ya kupata nafasi yake kwa mchujo wa intaneti, na mamilioni wakajiunga kucheza nyuma ya skrini. Uso ulitoweka. Kilichobaki ni takwimu: huyu hupandisha mara ngapi katika mia, akipandishiwa hukimbia mara ngapi. Namba hizo mbili, zikiwekwa pamoja, ndizo zinazomtenga bahili wa kwanza na wa pili, na programu ilizionyesha juu ya kichwa cha kila mchezaji. Mwezi Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba poka ya watu wawili yenye dau la kikomo imefumbuliwa, yaani programu yao, Cepheus, haiwezi kushindwa kwa kiasi cha maana hata ukicheza nayo maisha yako yote. Mwaka 2017 Libratus ya Carnegie Mellon iliwashinda wataalamu wanne kwa mikono 120,000 katika poka ya watu wawili isiyo na kikomo. Mwaka 2019 Pluribus ikafanya hivyo kwenye meza ya watu sita.

Mashine hizo hucheza juu na chini kama von Neumann, kwa uwiano ambao hakuna mpinzani awezaye kuutumia vibaya. Lakini sharti la uwiano huo ni kwamba humjui mwenzako. Ukimjua, uwiano ni anasa. Mashine haina haja ya kujua kama mzee aliye mbele yake hukimbia. Dalali wa Isiolo halali bila kulijua hilo.

Sheria ya Kenya inaitambua kamari tangu 1966, na nyumba za kamari za Nairobi zina meza za poka kwa wenye leseni na wenye pesa za kupoteza. Simwiti mtu huko. Hesabu hizi zote zinafanyika kwa maharage, na maharage hupikwa jioni.

Turudi sokoni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili hivi. Yule mnunuzi mkavu alikuwa ameingiza mkono wake chini ya shuka, fahali alikuwa mwekundu mwenye nundu nzuri, na kama kawaida watu walisogea. Kijana mmoja mgeni, aliyekuwa akinunua kupeleka Nairobi, hakuwa anamjua mtu yeyote pale. Alingoja dalali aondoe mkono, akampa wake, akabana vidole. Dalali akamrudia mzee, shuka ikafunikwa tena. Sote tulidhani mzee atapanda, maana mtu anayengoja majuma matatu hangojei kuachia. Alitoa mkono wake, akaupangusa kwenye kanzu, akachukua fimbo.

"Mzee, huongezi?" dalali akamuuliza.

"Mchukue yeye."

Mjomba hakusema kitu njia nzima hadi nyumbani. Alikuwa amemrudishia mtu huyo mkono kwa miaka, yeye na wanunuzi wote wa soko, na hakuna aliyewahi kumsukuma hata mara moja kuona atafanya nini. Fahali mwekundu alipakiwa kwenye lori la Nairobi kabla ya adhuhuri.